Barua ya wazi: Madarasa ya watoto wetu yasisubiri wageni wa Julai

Januari 2026

Kwa:
Mkurugenzi wa kampuni inayoleta wanafunzi wa ng'ambo kujitolea katika shule yetu, pamoja na wakurugenzi wenzake wanaofanya kazi hiyo mikoa ya Kilimanjaro na Arusha;
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu ya Wilaya.

YAH: UJENZI WA MADARASA UNAOSIMAMISHWA ILI KUSUBIRI VIKUNDI VYA WANAFUNZI WA KUJITOLEA

Ndugu Wakurugenzi,

Tafadhalini husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi mwashi, mzazi mwenye watoto katika shule ya msingi ya hapa kijijini, na mjumbe wa kamati ya shule. Kijiji chetu kipo kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Ninaandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimeshindikana. Kamati iliwaandikia kupitia kwa Mwalimu Mkuu. Mratibu wenu alikuja, akatusikiliza kwa adabu, akasema atafikisha makao makuu. Tukaandika tena, safari hiyo kwa Kiingereza kama tulivyoelekezwa, na jibu halikuja. Halmashauri nako tulifika, tukapokelewa vizuri, tukashauriwa tuwe na subira ili mfadhili asije akakata tamaa.

Sitaji jina la kampuni wala la shule. Yanayotokea kwetu nimeyasikia kwa mafundi wenzangu wa wilaya nyingine, na sitaki watoto wa shule moja waonekane ndio wakorofi. Wahusika watajitambua.

Niseme mapema kwamba vijana wanaokuja sina ugomvi nao. Wanatoka sekondari za Uingereza, Marekani na Kanada, wengi wana miaka 16 au 17. Wamechangisha fedha kwao mwaka mzima, na wanakuja na moyo safi. Wanabeba matofali mpaka viganja vinatoka malengelenge, na siku ya kuondoka wapo wanaolia kwelikweli. Barua hii ni kwa watu wazima waliowapangia safari: wiki moja ya kujenga, wiki moja ya kupanda mlima, siku chache za mbugani, kisha uwanja wa ndege wa KIA.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Ujenzi wa boma unasitishwa ili wageni wakute kazi.

Madarasa mawili ninayoyazungumzia yalianza kuchimbwa msingi Julai 2023. Kikundi cha Julai 2024 kilipandisha ukuta hadi usawa wa madirisha. Kilipoondoka mwezi Agosti, matofali yalikuwa yamepangwa pale uwanjani, mchanga upo, nondo zipo, saruji ipo stoo. Sisi mafundi tulimwambia mratibu kwamba tukiachiwa tuendelee tutafunga linta, yaani mkanda wa zege juu ya madirisha, kabla ya vuli, na Januari kenchi za paa zinaweza kupanda. Akatujibu, mbele ya Mwalimu Mkuu, kwamba tusiguse. Kikundi cha Julai 2025 kilikuwa kimeshalipia mradi wa ujenzi, na lazima kikute kitu cha kujenga.

Hilo ndilo lalamiko langu kubwa, na mengine karibu yote yanatokana nalo.

Huku mlimani vuli huanza Oktoba au Novemba, na masika hunyesha Machi hadi Mei. Miezi mikavu ya kujengea ni Juni hadi Septemba, na kidogo Januari na Februari. Boma letu, halina linta, halina bati, likapigwa na mvua zote mbili. Mwezi Mei nilipanda juu ya ukuta kulikagua. Mistari mitatu ya juu ya matofali ilikuwa imelegea. Nilisukuma tofali la kona kwa kiganja, likasogea. Nondo za nguzo zilizoachwa wazi zilikuwa zinabanduka kutu kwa vipande. Saruji iliyobaki stoo ilikuwa imeganda ndani ya mifuko yake, kwa sababu saruji haikai mwaka mzima kwenye chumba chenye unyevu, na kila anayeshika mwiko anajua hivyo. Kikundi cha Julai 2025 kilipofika, kazi yake ya kwanza ikawa kubomoa alichojenga mwenzake wa mwaka uliotangulia, halafu kukijenga tena.

Muda wote huo Darasa la Tatu na Darasa la Nne wamekuwa wakisoma chumba kimoja. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa la shule ya msingi. Chumba kile kina watoto zaidi ya 90. Ubao umegawanywa katikati kwa mstari wa chaki, na walimu wawili wanapokezana kusema: mmoja akifundisha hesabu, mwingine anawaandikisha wake kimyakimya mpaka zamu yake ifike. Nimesimama dirishani nikaona hilo kwa macho yangu. Mtoto aliyekuwa Darasa la Tatu wakati msingi unachimbwa sasa yupo Darasa la Sita. Ujenzi huo hautamsaidia tena kwa lolote alilolikosa.

Msituambie kwamba ujenzi ndivyo ulivyo. Oktoba 2021 serikali ilizindua ujenzi wa madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama, kila moja kwa Sh milioni 20. Nilifanya kazi kwenye mojawapo. Tulikimbizwa mno, na zipo kasoro ambazo ningependa zisingekuwepo, lakini Januari 2022 wanafunzi waliingia. Kutoka msingi mpaka bati haikufika hata miezi minne. Madarasa mawili ya shule yetu yanaingia mwaka wa tatu, na leo ninapoandika yapo usawa wa linta yakisubiri Julai nyingine, ili kikundi kijacho kipate kushiriki kupaua.

2. Kazi ya kitaalamu inafanywa na watoto wa watu.

Kuna kazi kwenye eneo la ujenzi ambazo mgeni yeyote anaweza kuzifanya bila madhara: kusogeza matofali, kuchekecha mchanga, kupaka rangi. Na kuna kazi ambazo zikikosewa kosa halionekani mpaka siku ya maafa. Linta ni mojawapo.

Agosti iliyopita linta ilimwagwa na vijana wale. Zege la linta linataka kipimo: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na maji ya kutosha tu kulifanya liingie kati ya nondo. Vijana waliona zege zito linawachosha kulikoroga kwa chepe, wakaongeza maji, wakaongeza tena, likawa uji. Tulipowazuia, kiongozi wao akatuomba tuwaache, maana muda ulikuwa unakwenda na picha ya kumaliza ilikuwa imepangwa siku hiyo. Zege lenye maji kupita kiasi likikauka linabaki na vinyweleo, na nguvu yake inashuka. Hilo si maoni yangu. Ni somo la mwanzo kabisa kwenye chuo chochote cha ufundi cha VETA.

Kisha zege linatakiwa kumwagiliwa, angalau siku saba, asubuhi na jioni. Linta ilimwagwa Alhamisi. Jumamosi vijana wakapanda magari kwenda lango la Machame kuanza mlima. Sisi mafundi malipo yetu yalikoma Ijumaa. Kwenye ratiba yenu hapakuwa na mtu wa kumwagilia, kwa sababu kumwagilia hakuna picha. Wazazi wa jirani walichota maji kwenye mfereji kwa ndoo, wakayapandisha juu ya ngazi, bila senti ya mtu.

Mimi nikisema linta nasema uhai wa watoto. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu na kuharibu vibaya sekondari za Ihungo na Nyakato, mjini Bukoba. Linta iliyofungwa sawasawa ndiyo inayoshikanisha kuta ukuta mmoja unapotaka kwenda peke yake. Na niwaulize kwa heshima: huko vijana wanakotoka, mwanafunzi wa miaka 16 asiye na mafunzo, kichwa wazi, miguuni raba, angeruhusiwa kusimama kwenye jukwaa la miti na kumwaga linta ya shule? Kama hapana, kwa nini anaruhusiwa kwetu? Yeye mwenyewe ni mtoto wa mtu. Akianguka, mzazi wake tutamwambia nini?

3. Vijana wetu wanaangalia kwa nje.

Kila Julai, nje ya uzio wa shule, wanakaa vijana wa kijiji wenye vyeti vya uashi na useremala. Hawana kazi. Huku kwetu fundi mwashi hupata kama Sh 25,000 hadi 30,000 kwa siku, saidia fundi kati ya 10,000 na 15,000. Kwa wiki moja ya ujenzi wa kweli kijana angelipa deni la dukani na kununua sare ya mdogo wake. Badala yake anaangalia kijana wa rika lake aliyelipa ili aje ashike karai.

Hapa nitaingia kwenye hesabu, kwa sababu ndipo mnapopenda kutunyamazisha. Safari kama hizi huuzwa Uingereza kwa pauni elfu tatu, nne, hata tano kwa mwanafunzi mmoja. Tuchukue 4,000, na kikundi cha wanafunzi 15. Ni pauni 60,000. Tukihesabu pauni kwa Sh 3,000 tu, ni Sh milioni 180. Kwa kiwango kile kile cha serikali cha milioni 20, ni madarasa tisa, kwa kikundi kimoja.

Najua fedha hiyo haifiki Kilimanjaro yote, na haipaswi kufika yote. Kuna ndege, bima, chakula, magari, ada za hifadhi, wapagazi, mishahara ya ofisi. Sidai nauli ya ndege igeuzwe mabati. Nadai kitu kidogo zaidi, ambacho kamati imeomba mara nyingi na kunyimwa: karatasi moja inayoonyesha katika malipo ya mwanafunzi mmoja ni kiasi gani kinakwenda kwenye ujenzi wa shule. Mzazi wa kule aliyelipa ana haki ya kuijua namba hiyo. Sisi ambao jina la shule yetu limetumika kuuzia safari tuna haki hiyo pia.

4. Mmeua msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kujitolea.

Hili ndilo linaloniuma kuliko saruji iliyoganda.

Shule hii haikujengwa na mfadhili. Darasa la kwanza lilijengwa na wazee wetu kwa mawe waliyobeba kichwani kutoka korongoni. Mkoa huu umejulikana kwa hilo. Ushirika wetu wa kahawa, KNCU, ulioanza mwaka 1933, ulikata senti kwenye kahawa ya mkulima kwa ajili ya elimu ya watoto. Ilipokuja amri ya kila kata kuwa na sekondari yake, kuanzia 2006, maboma yalisimama kwa nguvu za wananchi. Baragumu likilia Jumamosi asubuhi, kila kaya ilitoa mtu. Mama aliyekuwa hana cha kutoa alileta ndizi za kupika, na jina lake likaandikwa daftarini kama la aliyeleta lori la mchanga.

Ni kweli kwamba tangu ada ya sekondari na michango ya lazima ilipofutwa Januari 2016 kuchangisha kumekuwa kugumu. Wapo waliochukua elimu bila ada kuwa ni ujenzi bila jasho. Lakini msaragambo ulikuwa hai. Mwaka 2022, kabla hamjafika, wananchi walisomba mawe na kuchimba msingi wa ofisi ya walimu. Mlipokuja, mratibu alituomba tusifanye kazi kwenye madarasa yale ili eneo libaki kwa ajili ya wanafunzi. Tukatii, kwa heshima ya mgeni. Mwaka uliofuata Mwenyekiti wa Kijiji alipoitisha msaragambo wa kumalizia ofisi, walikuja watu wachache mno. Wengine walisema waziwazi mkutanoni: tuache wazungu watajenga. Msingi wa ofisi ya walimu sasa umeota majani, na walimu wanasahihishia madaftari chini ya mwembe.

Mgeni anapokuja nyumbani kwako na kukuta unalima, anaweza kushika jembe akakusaidia, na ni baraka. Nyie mmetuambia tuweke majembe chini ili mgeni alime peke yake. Halafu kwenye ukuta mkaweka kibao chenye nembo ya kampuni na mwaka. Wazee waliobeba mawe hawamo, na waliosomba mchanga wa madarasa haya haya hawamo. Hapo hapo naomba mkumbuke yaliyotokea jirani zetu. Mwaka 2021 mfadhili mmoja alieleza mbele ya kamati ya Bunge la Kanada jinsi alivyogundua kwamba kibao chenye jina la mwanawe marehemu, kwenye shule nchini Kenya, kilikuwa kimeondolewa na kuwekwa cha mfadhili mwingine. Biashara ya kuuza sifa za ujenzi huwaumiza hata wanaotoa.

5. Mnakuja wakati wa masomo.

Likizo ya shule za kwao ni Julai na Agosti. Sisi muhula wa pili unaanza Julai, na watahiniwa wa Darasa la Saba hufanya mtihani wao wa taifa mwezi Septemba. Kwa hiyo wiki zile zile ambazo watoto hao wanatakiwa kutulia ndizo za magari, nyimbo za kukaribisha, mechi za mpira, ngoma za kuaga, na masomo ya Kiingereza yanayofundishwa na vijana ambao wenyewe hawajamaliza sekondari. Mwalimu hawezi kukataa. Akikataa anaitwa mpinga maendeleo. Agosti iliyopita Darasa la Saba walitolewa nje vipindi vya asubuhi kwenda kuimba, wiki chache kabla ya mtihani. Mzazi mwenzangu mmoja alilalamika, akaambiwa anawaharibia watoto bahati.

6. Hatujengewi tunachoomba.

Kamati iliomba vyoo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na sisi tuko mbali sana na hapo. Wasichana wa madarasa ya juu wakiwa katika siku zao hubaki nyumbani. Tuliomba pia nyumba ya mwalimu, kwa sababu walimu wapya wanahama kwa kukosa pa kulala. Tukajibiwa kwamba wanafunzi hawavutiwi na kuchimba shimo la choo. Badala yake ukuta wa darasa la awali umepakwa rangi na kuchorwa wanyama, na kikundi kilichofuata kikapaka juu yake na kuchora wanyama wengine.

7. Picha za watoto wetu.

Nitakuwa mfupi. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya 2009, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha ya mwanangu, akiwa na kamasi na sare iliyochanika, imekaa kwenye tangazo la kuuza safari. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Iondolewe.

Sasa, ndugu zangu, najua mtakayosema, maana mengine mmeshayasema.

Mtasema bila wanafunzi fedha hazipo. Nakubali kwamba mzazi wa London hutoa kwa moyo zaidi mwanawe anapokwenda kuona. Basi aje aone. Lakini fedha ya ujenzi itangulie, darasa lijengwe na mafundi miezi ya kiangazi, na kijana akifika Julai akute watoto wamekaa kwenye madawati. Je, kulikuta darasa linatumika kutamfurahisha kidogo kuliko kukuta boma? Kama jibu lenu ni ndiyo, safari hii haikuwa ya shule.

Mtasema vijana wanajifunza. Na mimi nataka wajifunze. Wakae na mafundi, wajue tofali la kuchoma linavyopikwa, timazi inavyosoma ukuta, kwa nini zege halipendi maji mengi. Nitawafundisha mwenyewe, kwenye ukuta wa mazoezi, tutaujenga na kuubomoa, na watacheka na kuchafuka vya kutosha. Wajifunze kwenye ukuta ambao hautamlalia mtoto.

Mtasema kijiji kilisaini makubaliano. Kilisaini. Makubaliano hayo yaliletwa kwa Kiingereza, yakasomwa kwa muhtasari, na hayakusema popote kwamba boma litasimamishwa mwaka hadi mwaka. Tunataka mapya, kwa Kiswahili, yasomwe yote kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Mtasema kujenga shule ni wajibu wa serikali, kwa hiyo tushukuru kwa kidogo. Ni wajibu wa serikali, na hapa namgeukia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Mheshimiwa, shule ni yako kabla haijawa ya mfadhili. Tangu boma lile lianze kupanda, sisi wa kamati hatujamwona Mhandisi wa Halmashauri akipanda ngazi kulikagua. Lingekuwa la fedha za serikali angekuwa hapo kwenye kila hatua: msingi, linta, upauaji. Kibali cha wageni nacho ni kazi ya mamlaka kukiangalia; viza ya matembezi si ya kufanyia kazi, hata ikiwa kazi ya kujitolea. Hatuombi wageni wafukuzwe. Tunaomba mfadhili akaguliwe kama anavyokaguliwa kila anayejenga shule ya umma, na afisa wako asiogope kumuudhi mtu mwenye fedha wakati mbele yake kuna watoto 90 kwenye chumba kimoja.

Tunachoomba ni haya:

(a) Linta iliyomwagwa Agosti 2025 ikaguliwe na Mhandisi wa Halmashauri kabla ya mwisho wa Februari. Akisema ivunjwe, ivunjwe kwa gharama ya kampuni.

(b) Baada ya ukaguzi huo, mafundi waruhusiwe kupaua mara moja, kabla ya masika ya Machi. Vifaa vya kenchi na mabati mmetueleza kuwa vimeshatengewa fedha. Visiwekwe kusubiri Julai.

(c) Kuanzia sasa, kazi za msingi, nguzo, linta na paa zifanywe na mafundi wanaolipwa, vijana wa kijiji wakipewa nafasi ya kwanza. Wageni wafanye kazi zisizo na hatari, wakiwa na kofia ngumu, glavu na viatu vya kazi.

(d) Kamati ipewe kwa maandishi mchanganuo wa fedha za kila kikundi zinazokwenda kwenye ujenzi, na ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji.

(e) Orodha ya vipaumbele iandikwe na kamati ya shule pamoja na walimu. Kwa sasa cha kwanza ni vyoo vya wasichana, cha pili nyumba ya mwalimu.

(f) Ziara za Julai na Agosti ziwe baada ya saa za masomo, na Darasa la Saba wasiguswe mpaka wamalize mtihani wao.

(g) Msaragambo usizuiwe tena. Kikundi kikija siku ya msaragambo, kifanye kazi pamoja na wananchi, na kibao kitakachowekwa kiandike pia nguvu za wananchi.

(h) Picha za watoto zilizotumika bila ridhaa ya wazazi ziondolewe kwenye matangazo yote.

Mkutano wa kamati ya shule utafanyika wiki ya kwanza ya Februari, na barua ya mwaliko iko kwa Mtendaji wa Kijiji. Tunawaomba mje wenyewe, au mumtume mtu mwenye mamlaka ya kuamua siyo ya kupokea maoni tu. Msipokuja wala kujibu, kamati itawasilisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji pendekezo la kusitisha makubaliano, na wananchi watapiga kura. Mimi binafsi nitapiga kura ya kusitisha, na Jumamosi inayofuata nitakuwa pale shuleni na mwiko wangu pamoja na yeyote atakayeitikia baragumu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi mwashi, mzazi na mjumbe wa kamati ya shule
Mkoa wa Kilimanjaro

Nakala:
Afisa Elimu Msingi wa Wilaya
Mthibiti Ubora wa Shule wa Wilaya
Mheshimiwa Diwani wa Kata
Mwenyekiti wa Kijiji
Mwalimu Mkuu
Wazazi na walimu wa shule za ng'ambo zinazotuma vikundi kwetu: tunaomba anayejua lugha yao awafikishie